Mwaka Mama Alipoacha Kunishusha

Spès amerudi! Naandika haya na sauti bado imenikauka kwa kucheka. Miaka ishirini na mitatu imepita tangu aondoke kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwenda kuishi Ulaya, na Jumapili iliyopita alishuka kwenye bodaboda mbele ya geti langu hapa Kakoba, Mbarara, mama mtu mzima mwenye miwani, akaniita "Bahati wee!" kwa sauti ileile ya uchokozi aliyozoea kuniitia kutoka ng'ambo ya ukuta wetu wa udongo. Tulikumbatiana tukarukaruka barabarani mpaka majirani wakatoka kuuliza kuna nini. Nilikuwa nimepika tangu alfajiri: sombe, kisamvu kile cha mawese, ndagala ambao ni dagaa wetu, matoke, maharage, na ugali wa muhogo mweupe pe. Uma niliomwekea aliusukuma kando, akanawa mikono, akala kama mtu aliyetoka kulima. Binti yangu Neema, mwenye miaka kumi na mitatu, alimrekebishia simu yake iliyokuwa imegoma kushika mtandao wa huku, akamweleza taratibu alichofanya na kwa nini. Spès akaacha tonge hewani. "Mawe!" alimaka kwa Kirundi. "Huyu mtoto ana akili," alisema. "Tena anaongea na mtu mzima bila kuogopa. Umezaa, dada." Nami, bila hata kufikiri, nikajibu: "Huyu? Usidanganyike. Hapa nyumbani anajua kula na kulala tu." Tukacheka. Neema hakucheka. Aliinamisha shingo, akaanza kuchezea samaki sahanini.

Nilishtuka nusura nipaliwe. Shingo ile iliyoinama niliijua vizuri, maana ilikuwa yangu mwaka nilipokuwa na miaka kumi na minne. Jinsi tulivyofika Nakivale, tulimwacha nani na tulimkosa nani, hayo sitayasimulia. Mama mwenyewe hayasimulii. Nitaanzia pale tulipokuwa na chumba kimoja, mama na mimi, kimegawanywa na pazia la kitenge, paa la shitingi, yaani turubai la plastiki, lililochemka saa saba mchana na kupiga kelele kila upepo ulipotoka upande wa ziwa. Jiko letu lilikuwa kibanda kilichoegemea ukuta wa akina Spès, Warundi, watu wa misa kila Jumapili na wa kicheko kila siku. Ukuta huo ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono, na mle ndimo tulimopitishia chumvi, makaa, na habari zote za mtaa. Shuleni nilikuwa nimerudishwa darasa la nne. Kongo nilikuwa nimemaliza la sita kwa Kifaransa, ila hapa ilitakiwa Kiingereza, kwa hiyo nilikaa benchi moja na watoto wa miaka tisa, magoti yamenifika kidevuni, na wao wakaniita Bibi. Mwalimu akiuliza swali la hesabu nililolijua tangu zamani, nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na maneno ya kulijibia.

Alasiri moja mwezi wa tatu nilikuwa nyuma ya pazia navua sare. Jikoni mama alikuwa anatwanga sombe, na Mama Spès amekaa kwenye jerikani iliyopinduliwa, anachambua mboga yake. Nilimsikia akisema, "Mama Bahati, wewe Mungu amekupa. Jana binti yako amenisomea karatasi ya dawa, ule upande wa Kifaransa, yote mpaka mwisho, na kunieleza ninywe mara ngapi. Wangu hata kalamu haijui." Mchi ulisimama. Nilijikuta natabasamu mwenyewe gizani mwa pazia, nikisubiri mama aseme neno. "Huyu?" mama akasema. "Ah, huyu iko bure. Anajuaka kukula tu. Urefu yote ile, na iko darasa ya nne! Mi naonaka haya." Mchi ukaanza tena. Wote wawili wakahamia kwenye habari ya mvua.

Leo najua mama hakuwa na ubaya. Ndivyo walivyofanya wazazi wote wa mtaa wetu, Wakongo kwa Warundi. Ukisifiwa mtoto, ni adabu kuisukuma ile sifa irudi ilikotoka, usije ukaonekana unajivuna, wala mtoto asije akatupiwa jicho. Mama Spès mwenyewe, katika kunisifu mimi, alikuwa amemshusha wa kwake kwa pumzi hiyohiyo. Spès hakujali, yeye alikuwa na ngozi ngumu, angesikia angetoa ulimi na kuendelea kuruka kamba. Mimi niliyameza yale maneno yote, sikutema hata moja. Nilikuwa mtoto mwenye wasiwasi, mwenye kuamini kwamba mama hakosei, na sasa mama alikuwa amesema niko bure. Wiki iliyofuata ilitangazwa shuleni kwamba wanafunzi waliozidi umri wanaweza kufanya mtihani wa kurushwa darasa. Wenzangu wanne walinyoosha mikono. Mimi nilikalia ya kwangu.

Mwalimu mmoja, Mkongo mwenzetu, ndiye aliyempasulia mama jambo hilo sokoni Base Camp, makao makuu ya kambi. Mama alifika nyumbani bado kapu liko kichwani. Mimi nilikuwa nachekecha unga. "Bahati, juu ya nini umekatala mitihani?" Sikutaka kusema. Akauliza tena. Ndipo nikasema, macho yangu yakiwa kwenye unga, "Weye mwenyewe ulisema niko bure." Mama alishusha kapu polepole, akakaa chini bila kutafuta kiti. Nikaanza kuogopa kipigo. Kisha akainuka, akapeleka mdomo kwenye ule ufa wa ukuta, akaita: "Mama Spès! Kuya hapa. Kuya mbiyo." Mama Spès akaja mbio kweli, amedhani kuna msiba, mwiko mkononi. Mama akamkalisha. Akanisimamisha mimi mbele yake. "Siku ile uliniambia huyu mutoto iko na akili," mama alisema, "mi nikakatala. Nilisema uongo. Niliogopa batu basiseme niko na majivuno. Iko na akili, na mi najua, na nilijua hata siku ile. Bahati, unisamehe."

"Mawe!" Mama Spès akaweka mwiko kifuani. "Mzazi anaomba mtoto msamaha?"

"Nilimuangusha mbele yako," mama akajibu. "Njo maana namunyanyua mbele yako."

Sijui niseme nini kuhusu furaha ile. Niliona haya, nililia, nilitaka kukimbilia ziwani nikapige kelele. Ndiyo maana Jumapili iliyopita, mbele ya mgeni na sahani za ndagala, nilinawa mikono, nikamwambia Neema, "Mwanangu, nimesema uongo sasa hivi. Shangazi Spès amesema kweli, una akili na una moyo wa kumweleza mtu mpaka aelewe. Nisamehe." Neema alinitazama kama mtu anayetafuta mtego uko wapi. Hapo Spès akalia. Alilia kweli, miwani mkononi, na baadaye akaniambia kwamba hata yeye, na ile ngozi yake ngumu, kumbe yalikuwa yakimfika yote. Nimekuwa nikiwaza hilo wiki nzima. Tulidhani ni mimi peke yangu.

Mama hakuishia kwenye msamaha. Alibadilika akawa kichekesho cha mtaa! Bombani mwanamke akisema, "Binti yako anajua kazi," mama alijibu, "Aksanti. Ni kweli." Basi! Hakuongeza, hakupunguza. Wanawake walishusha jerikani wakatazamana. Wapo waliosema mama Mkongo ameota mapembe; mmoja wa kanisani kwetu alikuja mpaka nyumbani kumwonya, akanywa chai yetu yote, akaonya, akaondoka. Mama alimsindikiza kwa heshima na kesho yake akarudia "Ni kweli" yake. Mimi nilikuwa nikitamani ardhi ipasuke, na papo hapo nikichelewesha jerikani yangu kujaa ili nisikie kama kuna mwingine atakayenisifu. Na nilipoharibu jambo, mama alilitaja jambo. "Bugali imeungua, chota maji tuanze upya," alisema, na lile neno "bure" sikulisikia tena mdomoni mwake, hata akiwa amechoka, hata akiwa amekasirika. Nilipomletea karatasi ya majibu ya mtihani, maana niliufanya ule mtihani, na nikarushwa la tano, hakupiga vigelegele kwanza. Aliishika, hajui kusoma, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Na weye mwenyewe, unaona je?" Ilinibidi nifikiri. Nikamweleza nilipofanya vizuri na nilipobahatisha. Ndipo akapiga vigelegele.

Kisha akanifanya kinywa chake. Hilo ndilo lililonifunza Kiingereza kuliko benchi lolote. Kila alipokwenda, alinichukua: kwenye mstari wa chakula, kwenye kikao cha bomba, kwa wanawake Wanyankore, wenyeji wa huku, walioleta maziwa kutoka mji wa Endiinzi na ambao Kiswahili chao kiliishia kwenye "leta" na "ngoja", ila Kiingereza kidogo walikijua. Mwanzoni nilinong'ona. Mama alisimama nyuma yangu, mkono wake mgongoni mwangu, wala hakunisukuma. Aliuweka tu pale. Mwezi wa nane Mama Spès alikuja kuniomba rasmi, amevaa kitenge cha kanisani, nimsindikize zahanati. Mguu wake ulikuwa umevimba na mara mbili amepewa dawa ya malaria. Nilimweleza muuguzi kila kitu, ulianza lini, unauma wapi, na nilipoona anaandika haraka bila kuinua uso, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Tafadhali, hajamaliza." Muuguzi akaweka kalamu, akamtazama Mama Spès mguu. Tulipotoka na dawa iliyo sawa, wanawake watatu kwenye foleni walinishika nguo: na mimi, dada, nisemee na mimi! Nilibaki pale mpaka saa kumi. Nilirudi nyumbani nakimbia, njaa inaniuma, nimejaa furaha mpaka kooni.

Mwezi wa kumi na mbili sista wa parokia ya akina Spès alileta habari kwamba shule moja ya wasichana ya bweni, Mbarara, imeweka nafasi moja kwa msichana wa kambini, kuingia darasa la sita mwezi wa pili. Tuliitwa watatu. Mkuu wa shule alitaka kuongea na kila mmoja pamoja na mzazi wake, na baada ya mazungumzo hayo angechagua. Mama hakulala vizuri tangu siku hiyo. Asingesema, ila nilimwona akinitazama nikifagia. Akikosa mwingine, angerudi darasani kwake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne inayoelekea kumi na mitano, na mtaani kwetu wasichana wa umri huo walikuwa wameshaanza kuulizwa wataolewa lini. Nafasi ilikuwa hiyo moja. Spès aliniazima viatu vyake vya komunyo, vikanibana vibaya mno.

Ofisi ya yule mkuu wa shule, tuliyemwita Madamu kama wote walivyomwita, naikumbuka leo mpaka vumbi lake. Kabati la vioo lenye vikombe vya ushindi, saa ya ukutani iliyokwenda kwa kishindo, kitambaa kilichofumwa juu ya kiti, na sahani ya karanga za kuchemsha ambayo mama alikaribishwa akachukua moja tu, akaishika mkononi mpaka mwisho. Madamu alikuwa Mnyankore mnene, mtaratibu, mwenye Kiingereza cha kuchagua maneno. Watu wa mjini Mbarara siku hizo wengi hawakuongea Kiswahili, tena wengine walikidharau, wakakiita lugha ya askari. Basi nilikaa katikati yao, kinywa cha mama kama kawaida. Madamu akasema nimuulize mzazi wangu: binti huyu anaweza nini?

Mama alijiweka sawa. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima. "Umwambie," alisema, "huyu mutoto iko na akili mingi. Alianza Kizungu mwezi ya pili. Mwezi ya munane alikuwa anasemea bagonjwa ku dispensaire. Kazi haogopake. Kama hajue kitu, anaulizaka, hajifichake. Mi sijue kusoma, lakini fasi yenye iko na maneno makubwa, sitafuti mwanaume, sitafuti mukubwa, naita huyu." Alimaliza akashusha pumzi. Mimi nilihisi joto limenipanda masikioni. Kusifiwa bombani ni jambo moja. Sasa ilinibidi niyatoe haya kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mtu mkubwa, kwamba mimi ni hodari! Msichana gani mwenye adabu angesema hivyo? Mwaka mzima mama alikuwa ameacha kunishusha, na mimi, kwa hiari yangu, nikaishika kazi hiyo pale alipoiacha. Nikamwambia Madamu kwa Kiingereza: mama anasema najaribu kidogo, mimi ni mtoto wa kawaida, bado nakosea sana, anaomba mtusaidie.

Madamu aliandika. Uso wake haukubadilika. Akasema nimuulize: wenzake wawili nimeshawasikia, nao wanafaa, kwa nini nimpe yeye? Mama akajibu tena kwa kirefu, mikono inacheza, kwamba nikipata kitu sikai nacho peke yangu, kwamba wanawake wa mtaa mzima wananitumia na sijawahi kumfukuza hata mmoja. Nikatafsiri: mama anasema hata wenzangu ni wazuri kuliko mimi, ila sisi tuna shida.

Hapo mama akageuka akanitazama. Kiingereza hakujua hata salamu, lakini masikio alikuwa nayo. "Bahati," alisema, "mi nimesema maneno mingi. Weye umesema kidogo. Maneno yangu yengine iko fasi gani?"

Madamu alifunga kalamu yake, akaegemea mbele, na kile kilichotoka mdomoni mwake kilinitoa jasho papo hapo. "Wewe musichana," alisema kwa Kiswahili, Kiswahili cha kwao, cha kunyooka kama amri. "Baba yangu ilikuwa sajini. Mimi nazaliwa kambi ya jeshi. Mama yako nasema kitu ingine, wewe nasema kitu ingine. Sasa mimi taamini nani?"

Mama alishika mdomo. Alielewa yote kwa mara moja, nilichofanya na kwamba kimesikika. Mimi nilitazama vile viatu vya watu miguuni mwangu. Nilijua nafasi imekwenda. Nani angempa nafasi mtoto anayempindia mama yake maneno? Nikatafuta la kusema, nikapata moja tu. "Mwamini mama," nikasema.

Nilidhani mama atafurahi. Alikuja juu! "Hapana," alisema, akaigonga meza ya Madamu kwa kidole, mama yangu ambaye alikuwa ameogopa kuchukua karanga ya pili. "Usimupatie kazi ya kuniamini mi. Mi leo niko narudia Nakivale. Weye njo utabaki hapa, fasi sipo. Watakuuliza weye. Sema."

Madamu alisubiri, hakunisaidia. Nikainua uso. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini kwanza, kisha ya juu: kwamba nina akili. Kwamba najifunza upesi na nisipojua nauliza. Kwamba nimewahi kumzuia muuguzi asiandike dawa isiyo sawa, na wanawake wengi wananitegemea na siwachoki. Kwamba wenzangu ni wazuri na mimi pia ni mzuri. Kwamba nikipewa nafasi hii nitaiweza. Nilipomaliza nilikuwa nahema, na kuna kitu kifuani kilichokuwa kikicheka peke yake.

"Amesema nini?" mama akamuuliza Madamu. "Na mi nisikie."

"Hiyo kazi yake," Madamu akajibu. "Yeye taambia wewe."

Niliyasema kwa Kiingereza kwa urahisi kuliko nilivyotazamia, maana ilikuwa lugha ya watu. Sasa ilinibidi nigeuke, nimtazame mama machoni, niyaseme kwa lugha aliyonililia nayo na kunibembelezea nayo. Nikageuka. "Mama," nikasema, "nimesema niko na akili. Nimesema nitaweza."

Mama alijifunika uso kwa ncha ya kitenge chake, mabega yanamtikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipomsikia akifanya vyote viwili. Madamu akalivuta daftari kubwa la wanafunzi wapya kutoka mezani, akalifungua ukurasa mweupe, akaligeuza upande wangu na kunipa kalamu yake niandike jina langu mwenyewe.